Hilux ya dizeli ya mwaka 2009, kilomita 338,000: ninunue au niachane nayo?

Mkulima wa Hombolo

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa kuwa kiasi ninachokizungumzia ni akiba ya misimu kadhaa na sina nyingine ya kuegemea.

Ninalima zabibu Hombolo, na baada ya mavuno ya mahindi hununua mazao kwa wakulima wa upande wa Kondoa na kuyapeleka soko la Kibaigwa. Mpaka sasa nimekuwa nikikodi magari ya watu, na msimu wa zabibu unapofika tatizo ni lile lile: gari nililoahidiwa saa kumi na mbili asubuhi linafika saa tano, wakati zabibu zilizokatwa alfajiri zimeshaanza kulegea kwenye kreti. Ndiyo maana nimeamua kutafuta pikapu yangu mwenyewe.

Nimeonyeshwa Toyota Hilux ya dabo kabini, ile inayoitwa Vigo, ya mwaka 2009, yenye injini ya dizeli ya 2KD ya lita 2.5, gia za mkono, na inayovuta kwa matairi yote manne. Dashibodi inasoma kilomita 338,000. Muuzaji anasema gari lilikuwa la mkandarasi wa barabara, mradi ulipokwisha akalinunua yeye, na tangu hapo amelitumia kwa shughuli za familia hapa mjini. Anataka shilingi 31,000,000 na yuko tayari kuzungumza. Bodi inapendeza, rangi imepigwa upya, viti vimevalishwa ngozi mpya, na injini niliikuta imeoshwa mpaka inang'aa. Ilipowashwa iliitika mara moja, ingawa ilikuwa tayari na moto kwa sababu muuzaji alikuja na gari hilo mpaka mahali tulipokutana.

Shemeji yangu, ambaye anaendesha basi, ananiambia kwamba gari likishavuka laki tatu limekwisha kazi na mimi nitakuwa nanunua matatizo ya mwenzangu. Jirani yangu naye anasema dizeli ya Toyota ndiyo kwanza inazoea kazi katika kilomita hizo. Kila mmoja anazungumza kwa uhakika, na hakuna kati yao aliyeliona gari.

Ninachotaka kujua ni kama kilomita hizi peke yake zinatosha kunifanya niachane nalo, na kama hazitoshi, fundi nitakayekwenda naye aangalie nini hasa. Pia nashawishika na wazo la kununua gari la zamani zaidi lenye injini isiyotegemea umeme mwingi, lakini sijui kama huko si kukimbia tatizo moja na kuangukia jingine.

Fundi wa Kizota

Ndugu Mkulima, kazi yangu ni injini za dizeli hapa hapa Dodoma, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa urefu.

Tuanze na namba yenyewe. Gari la mwaka 2009 lenye kilomita 338,000 limetembea wastani wa kilomita 21,000 hivi kwa mwaka, na kwa pikapu iliyofanya kazi ya mradi hilo si jambo la kutisha. Ningeogopa zaidi kama dashibodi ingesoma 140,000, kwa sababu huo ungekuwa wastani wa chini ya kilomita 9,000 kwa mwaka, na hakuna mkandarasi anayenunua Hilux ili ailaze uani. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kifaa, na gari la namna hiyo hukuta mnunuzi haraka kuliko la kwako.

Swali lenye maana ni jinsi kilomita hizo zilivyotembewa. Kilomita 300,000 za lami kati ya Dodoma na Dar es Salaam, injini ikiwa na joto lake la kawaida na gari likiwa gia ya tano, hazilingani hata kidogo na kilomita 150,000 za eneo la ujenzi, ambako gari huachwa likiunguruma saa nzima ili kiyoyozi kimpoze mtu aliyemo ndani, huku vumbi la kifusi likiingia kwenye chujio la hewa ambalo hakuna anayelikumbuka. Saa hizo za kuunguruma bila kutembea hazihesabiwi na dashibodi, lakini injini inazihesabu. Muulize muuzaji kama ana daftari la matengenezo la wakati gari likiwa kwa mkandarasi, kwa kuwa kampuni nyingi za ujenzi huweka kumbukumbu hizo. Kama halipo, basi gari lenyewe ndilo litakalotoa ushahidi.

Injini ya 2KD hutumia mkanda wa taimingi, siyo cheni, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 150,000. Maana yake ni kwamba gari hili lilipaswa kubadilishiwa mkanda mara mbili, mara ya pili ikiwa karibu na kilomita 300,000. Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT ambayo huwaka muda ukifika, na watu wengi huamini kwamba ikiwa haiwaki basi mkanda ni mzima. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa kabisa, kwa hiyo dai risiti, na kama risiti haipo, fungua kava la juu uutazame mkanda kwa macho. Ukikatika wakati injini inazunguka, pistoni na valvu hukutana, na hapo utakuwa unafungua hedi, yaani kichwa cha injini, kabla hujavuna hata zabibu moja.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni hili la nozeli, yaani vipulizia dizeli ndani ya injini. Katika injini za familia ya KD, yaani 2KD na kaka yake 1KD ya lita 3.0, kila nozeli hukalia washa ya shaba inayozuia gesi ya mwako isipande juu. Washa hizo zikichoka, gesi hupenya na kuingia ndani ya kava la valvu, masizi yanachanganyika na oili, na baada ya muda mabonge meusi hushuka mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kufyonzea oili. Injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha kwamba oili imejaa, na dereva huja kujua pale taa nyekundu inapowaka, wakati vikombe vya kranki vimeshaliwa. Kwa sababu hiyo, siku hizi simshauri mtu yeyote anunue KD yenye kilomita nyingi bila kushusha sampu ya chini na kulitazama chujio hilo. Muuzaji atanung'unika. Mwambie kwamba gasketi na oili mpya utalipa wewe, na kama bado anakataa, chukulia kwamba ameshakujibu.

Lazima pia uliwashe likiwa la baridi kabisa. Fika nyumbani kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uweke kiganja kwenye boneti kabla hajakupa ufunguo. Moshi mweupe kidogo wakati wa kuwasha asubuhi ya Juni hapa Dodoma si ajabu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata joto, tena ukiwa na harufu ya dizeli mbichi, kuna nozeli inayovuja. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Injini ikishapata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiweke kimegeuzwa juu ya tundu lake: kikitikisika kidogo si neno, kikirukaruka na mvuke ukatoka kwa nguvu, injini inapumua, na injini inayopumua inaomba kufunguliwa yote. Nozeli hupimwa kwa kufunga vichupa kwenye mirija ya marejesho na kulinganisha kiasi cha dizeli kinachorudi kutoka kila moja. Ni kipimo rahisi ambacho fundi yeyote anayejiheshimu anaweza kukifanya papo hapo, na kinasema mengi kuliko kompyuta.

Sikupendezwa na habari ya injini iliyooshwa. Injini ya pikapu inayotembea mkoa huu inapaswa kuwa na vumbi, kwa sababu vumbi ndilo linaloshika oili na kuonyesha inapovujia. Omba gari liendeshwe siku mbili tatu, kisha ulitazame tena.

Mzee wa Mvumi

Kijana wangu, fundi amesema vizuri kuhusu injini, ila wote mnaangalia juu tu. Pikapu haifi kwa injini. Injini inabadilishwa. Pikapu hufa chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari lote.

Vigo za dabo kabini zinazopakiwa kupita uwezo wake huvunjikia mahali pamoja, nyuma kidogo ya kabini, kwa sababu bodi ya mizigo imeninginia nyuma na mzigo mwingi unakaa nje ya ekseli. Simama ubavuni mwa gari kwenye ardhi tambarare, utazame ule uwazi ulio kati ya kabini na bodi ya nyuma. Kama juu ni mpana kuliko chini, chasisi imelala. Kisha lala chini na tochi. Hesabu na majani ya springi za nyuma, maana anayeongeza majani huwa ameshaongeza mzigo, na kwako wewe mwenye zabibu springi ngumu ni hasara nyingine: kutoka Hombolo mpaka mjini zabibu zitafika zimepondeka. Ukiwa hapo chini, fungua nati ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Oili ikitoka na rangi kama chai ya maziwa, gari limevuka makorongo wakati wa mvua na maji yakaingia ndani.

Kuhusu injini za zamani, mimi natumia Hilux yenye 5L ya pampu ya kimakanika, ujazo wa sentimita za ujazo 2,986, haina turbo, haina kompyuta ya kuitibu. Inakubali dizeli ya madumu ninayonunua kijijini pale ambapo hakuna kituo. Kwa mafuta ya vituoni kuna utaratibu wa vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, ila dumu la dukani halipimwi na mtu, na nozeli za 2KD hazina uvumilivu na uchafu wala maji. Lakini nisikudanganye: 5L ni nzito kupanda, ukiwa na tani moja nyuma malori yatakupita mlimani, na hizo zilizobaki sasa zina zaidi ya miaka ishirini. Anayekuuzia 5L nzuri kwa bei nafuu ana sababu yake.

Na usisubiri kupata Vigo iliyotumika Japani, kama wanavyoahidi madalali. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na ikairudisha mwaka 2017, kwa hiyo Vigo haikuuzwa huko. Nyingi tulizo nazo zilitengenezwa Thailand au Afrika Kusini na zimefanya kazi ngumu tangu siku ya kwanza.

Mkulima wa Hombolo

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru sana. Ndugu Fundi, nimekuelewa, na nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha ili unipangie siku. Nilikuwa sijafikiria kabisa suala la chasisi.

Naomba kuuliza jambo moja la fedha. Nina shilingi 33,000,000 kwa jumla. Nikimshusha muuzaji mpaka 29,000,000 nitabaki na 4,000,000. Je, hiyo inatosha kuanzia?

Dada wa Kibaigwa

Kaka, kabla ya kuuliza kama milioni nne zinatosha, naomba tuulize kama gari hilo linafaa kwa kazi yako. Mimi niko sokoni Kibaigwa na ninanunua mazao kila msimu, kwa hiyo hesabu hizi nazifanya kwa kalamu.

Tuchukue safari ya Kondoa. Kutoka Kondoa mpaka Dodoma mjini ni takriban kilomita 155, na kutoka mjini mpaka Kibaigwa ni takriban 90 nyingine, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu kilomita 490. Hilux ya 2KD ikiwa imepakia itakupa kilomita tisa hivi kwa lita, na ikirudi tupu itakupa zaidi kidogo, tuseme utatumia lita 50. Pikapu hiyo uwezo wake halali ni kama tani moja, na dabo kabini ni chini ya hapo ukishamhesabu dereva na watu. Hayo ni magunia kumi ya kilo mia mia. Maana yake kila gunia limebeba lita tano za dizeli kabla hujamlipa mpakiaji, ushuru wa mazao na dereva. Mwenye Fuso anayepakia magunia mia anatumia sehemu ndogo sana ya hiyo kwa kila gunia, na sokoni nyote wawili mtauza kwa bei moja. Ukitaka kulipata fungu lako itabidi uzidishe mzigo, na hapo ndipo chasisi anayoizungumzia Mzee inapovunjika.

Watu hujidanganya na kitu kingine. Kwa kuwa mizani za barabarani hupima magari yenye uzito wa kuanzia tani tatu na nusu, pikapu hupita hapo bila kusimamishwa, na mwenye pikapu anadhani amepata nafasi. Hakuna faini, ni kweli, lakini magunia kumi ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo, ni zaidi ya tani moja na robo, na unapoweka kumi na tano umeshalipakia gari karibu mara mbili ya lilivyoundwa. Mkandarasi aliyelitumia kwanza hilo gari unalolitaka labda alibeba nondo na saruji kwa mtindo huo huo.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba nafaka za Kondoa uendelee kukodi lori, ushirikiane na wenzako mjaze. Pikapu iwe ya zabibu, ambako shida yako ni muda zaidi kuliko uzito. Na kama ni ya zabibu, kwa nini dabo kabini? Bodi ya nyuma ya dabo kabini ina urefu wa mita moja na nusu hivi, wakati ya singo kabini inafika mita 2.3. Ukipanga kreti, tofauti ni zaidi ya nusu ya mzigo kwa safari moja. Viti vya nyuma vyenye ngozi mpya vitambeba nani? Dabo kabini huuzwa ghali kwa sababu maofisa wanazipenda, na wewe unalipia upendo huo.

Kuhusu milioni nne: kwa gari lenye kilomita hizo mimi nisingeanza kazi bila kuwa na akiba ya robo ya bei ya kununulia. Matairi manne, betri, klachi na nozeli vikidai siku moja, milioni nne hazitakufikisha kwenye msimu wa pili. Zabibu zetu zina misimu miwili kwa mwaka, kumbuka, na katikati gari linakaa. Ukitaka kulikodisha katikati hapo kwa kubeba mizigo ya watu, utahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara, ambayo ni tofauti na ya gari binafsi. Ziweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Karani wa Area C

Nitazungumzia makaratasi tu, kwa kuwa mengine yamesemwa na wanaoyajua.

Mwandishi anasema gari lilikuwa la mkandarasi wa barabara. Magari ya miradi, hasa ile ya serikali na ya wafadhili, mara nyingine huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo ni wa mradi, siyo wa gari. Linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa inapaswa kulipwa. Kama haikulipwa, deni linabaki limening'inia juu ya gari hilo, na TRA wakilikamata watalikamata mikononi mwako. Nenda na nakala ya kadi ofisi ya TRA uombe wakuthibitishie hali ya gari kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Angalia pia jina lililo kwenye kadi. Muuzaji anaweza kuwa alinunua kweli kwa mkandarasi lakini hakuhamisha umiliki, akikwepa ushuru wa stempu na ada ya uhamisho. Katika hali hiyo anayeuza kisheria ni kampuni, na kama kampuni imeshafunga ofisi, utatafuta saini ya mkurugenzi mpaka uchoke. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kadi, na namba ya injini vilevile, maana injini zilizobadilishwa ni nyingi na mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yamesajiliwa. Madeni ya faini za barabarani unaweza kuyaangalia mwenyewe kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na fedha zipite benki.

Mkulima wa Hombolo

Wakuu, narejea na majibu, kwa kuwa naona si vizuri kuomba ushauri na kupotea.

Tulikwenda na Fundi Jumamosi alfajiri na boneti ilikuwa ya baridi. Injini iliwaka bila kusumbua, moshi mweupe ulikuwepo lakini uliisha mapema, na kifuniko cha oili kilitikisika bila kuruka. Mkanda wa taimingi tuliukuta mpya, maandishi yake bado yanasomeka, na muuzaji alitoa risiti inayoonyesha ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 304,000. Kwenye vichupa, nozeli tatu zililingana na ya nne ilirudisha dizeli karibu mara mbili ya wenzake. Muuzaji alikubali sampu ishushwe, na chujio lilikuwa na masizi kidogo tu pembeni. Kwa kifupi, injini ilikuwa bora kuliko nilivyoogopa.

Kisha Fundi akaingia chini. Uwazi nyuma ya kabini ulikuwa umezidi juu kwa kama unene wa kidole, na chasisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya sehemu hiyo tu. Aliposugua kwa brashi ya waya, pande zote mbili zikaonekana bamba zilizochomelewa, na kwenye pembe ya bamba la kushoto kulikuwa na ufa mwembamba unaoanza upya. Muuzaji alisema hakuwa anajua. Kadi nayo bado ina jina la kampuni, na barua ya kodi anasema atafuatilia.

Sasa ameshuka mpaka 25,500,000. Nakiri kwamba bei hiyo inanivuta. Kama nitabeba zabibu tu, kwa uzito mdogo, je, haiwezekani kulichukua na kulichomelea vizuri?

Fundi wa Kizota

Injini hiyo ningeinunua. Gari hilo nisingelinunua, hata kwa bei hiyo.

Chuma cha chasisi kikichomelewa, sehemu iliyo jirani na mshono hupoteza uimara wake kwa sababu ya joto, na ndiyo maana ufa mpya umeanzia kwenye pembe ya bamba na siyo pale ulipokuwa wa zamani. Ukichomelea tena, utausogeza mbele. Chasisi iliyolala haivunjiki kwa siku moja. Kwanza itakula matairi upande mmoja, milango ya nyuma itaanza kukataa kufunga, shafti itatetemeka, na kila mara utadhani ni tatizo dogo jipya. Kununua chasisi nyingine ya mitumba na kuhamishia gari juu yake inawezekana kiufundi, lakini namba ya chasisi itakuwa tofauti na ya kadi, na unakumbuka alivyosema Karani. Tena siku utakapotaka kuliuza, mnunuzi wako naye atakuja na fundi.

Mzee wa Mvumi

Hapo sikubaliani na fundi kikamilifu. Nimeona chasisi zilizochomelewa na mtu anayejua, bamba limekatwa ncha za mshazari badala ya kukatwa mraba, zikafanya kazi miaka mingi bila kulalamika. Mtu aliyechomelea hiyo alikuwa na haraka ya kuuza, ndiyo tofauti. Kama gari lingekuwa na kadi safi ningekwambia jadili mpaka 22,000,000 na umpe mchomeleaji mzuri. Lakini kadi ya kampuni isiyojulikana iliko, na kodi ambayo hakuna anayeijua, hilo halichomeleki. Achana nalo.

Mkulima wa Hombolo

Nimemwambia muuzaji kwamba sitaendelea. Hakukasirika, jambo ambalo limenifanya nihisi kwamba sikuwa wa kwanza kulala chini ya gari lile.

Nimekubaliana pia na Dada wa Kibaigwa kuhusu nafaka, na kwa msimu huu nitakodi lori na wenzangu wawili. Natafuta singo kabini kwa ajili ya zabibu.

Dada wa Kibaigwa

Kaka, hapa sokoni kuna Hilux ya singo kabini, 2KD hiyo hiyo, mwenyewe anaistaafisha kwa sababu amenunua Canter. Kilomita ni zaidi ya 410,000, viti vimechanika, rangi imepauka, na injini ina vumbi la kutosha kumfurahisha Fundi. Kadi ina jina lake mwenyewe tangu lilipokuwa jipya, na ana daftari la kila alipobadilisha oili. Anataka 24,000,000. Sijawahi kulala chini yake, kwa hiyo siisifii chasisi, ila najua alikuwa akibeba mbogamboga na vifaranga.

Mkulima wa Hombolo

Nitakuja kuliona Alhamisi. Ndugu Fundi, una nafasi?

Fundi wa Kizota

Alhamisi nina nafasi mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo tuondoke mjini saa kumi na moja alfajiri. Dada, mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika, na aweke lile daftari tayari, kwa sababu nataka kuona kama mkanda wa kilomita 300,000 ulibadilishwa kweli na ni wa kampuni gani. Mkulima, lete lita saba za oili na gasketi ya sampu. Nitakutumia namba ya spea usiku huu.